Puring ya Kaburi la Mgawa Maji

Pak Wagiman wa kijijini kwetu Karangasri alikuwa mtu wa kunyamaza. Mume asiyenung'unikia chumvi, jirani asiyeazima jembe bila kulirudisha likiwa limeoshwa. Lakini umguse kwenye majani yake, utakaa hapo mpaka chai ipoe. Atakushika mkono akupitishe kwenye vyungu mia na arobaini vilivyojaa uani, chini ya wavu mweusi wa kupunguza jua, akuonyeshe jani lililojisokota kama kamba, jani pana kama kiganja, jani linalozaliwa kijani, likawa njano, na kuzeekea kwenye wekundu. Mkewe, Bu Warsini, maana kwetu mwanaume huitwa Pak na mwanamke Bu, alianika nguo kwa jirani kwa sababu kwake hapakuwa na pa kufunga kamba.

Majani hayo huitwa puring, na kwetu huku Klaten puring ni mti wa makaburini. Tumezaliwa tukaikuta hivyo. Mtu akizikwa, kichwani pake hupandwa puring, maana haichagui udongo na kiangazi hakiiui. Tena wazee walitufundisha kwamba jani bichi humtaja Mungu, na marehemu hupata nafuu kaburini mradi jani lake liko bichi. Kwa hiyo Wagiman alipoanza kuzipanda mlangoni kwake, watu walipita wakimuuliza kwa kejeli nani kafa. Miaka kumi alibishana nao. "Hili ni pambo," alikuwa akisema. "Ninyi ndio mliolipeleka kulala na maiti, lenyewe halina kosa."

Kisha mambo yakageuka. Mjini wakaanza mashindano ya puring, watu wakaleta vyungu kwa magari, na wale waliokuwa wakimcheka wakaja ukutani kwake kuomba kijitawi. Hakumpa mtu. Kwa mengine alikuwa mkarimu, lakini kwa majani alikuwa mkono wa birika hasa, na alijua watu wanamwita hivyo.

Mwezi wa nne wa mwaka ninaousema alikwenda makaburini kumtembelea mama yake. Makaburi yetu yako juu ya kilima, kwenye udongo mwekundu ambao hauko kwingine kijijini, maana mashamba yetu yote ni mchanga mweusi wa mlima wa moto. Akapita kaburi la Pak Karyono. Huyu Karyono alikuwa mgawa maji wetu kwa miaka ishirini na sita, yule anayefungua na kufunga malango ya mfereji ili kila shamba la mpunga lipate zamu yake. Alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mjane wake, Bu Lasiyem, alimpandia puring ya kawaida kabisa, ya majani marefu ya njano, ile ambayo kila kaburi linayo.

Ila mti huo ulikuwa umejibadilisha. Hutokea mara moja katika miti elfu, nao wakulima wa majani huota ndoto ya kuliona jambo hilo kwa macho yao. Shina lote kuanzia karibu na chini lilikuwa limetoa majani meusi kama chungu cha kupikia, yenye mshipa wa dhahabu katikati, kila jani limejikunja mara tatu. Wagiman alisimama mbele yake mpaka akasahau dua ya mama yake.

Angeweza kwenda kuomba. Nyumba ya Bu Lasiyem ilikuwa mwendo wa kumaliza sigara moja, na mama yule angempa shina, tawi, hata mti mzima na kikapu cha kuubebea. Lakini mtu aliyebishana miaka kumi kwamba puring si ya makaburi, aende kwa mjane kuomba puring ya kaburi? Tena ajulikane kijiji kizima kwamba mti wake wa mashindano umenyonya mbolea gani? Haya ya kuomba ilimshinda. Haya ya kuiba ilikuwa bado haijamfika.

Alichagua Ijumaa, saa ya sala, wakati wanaume wote wako msikitini. Alimwambia Bu Warsini kwamba anakwenda kusali kijiji cha pili. Akapanda kilimani na kisu kidogo, akabandua gome la shina kwa upana wa vidole viwili, akalizungushia udongo mbichi na makumbi ya nazi, akafunga kwa plastiki ili mizizi iote hapo hapo juu. Hotuba ya imamu ilimfikia kwa kipaza sauti, ikizungumzia amana. Nisiseme uongo, aliisikia yote, huku akiendelea kufunga.

Baada ya wiki sita, Ijumaa nyingine, alirudi. Mizizi ilikuwa imejaa myeupe ndani ya plastiki. Akakata chini yake kwa msumeno, akang'oa na kile kisiki kilichobaki ili watu wasione palipokatwa. Sasa kaburi likabaki kichwa wazi. Hapo ndipo alipofanya lile ambalo mimi, kati ya yote aliyofanya, nashindwa kulitafutia udhuru. Nyumbani alikuwa na puring ya majani marefu ya njano, sawa na ile ya kwanza, yenye mizizi yake kamili ndani ya chungu. Angeileta, hakuna mtu angejua. Lakini alikuwa ameilea miaka minne, akaionea uchungu. Akakata tawi tu la njano kutoka kaburi la pembeni lililosahauliwa, tawi lisilo na mzizi hata mmoja, akalichomeka kwenye udongo mkavu wa kiangazi, akalishindilia kwa kisigino. Yeye, Wagiman, ambaye angemcheka mtoto wa shule kwa kazi kama ile.

Mti mweusi ulishinda mashindano ya wilaya mwanzoni mwa mwezi wa saba. Aliupa jina la Malkia wa Kilima. Waamuzi walimuuliza ameupata wapi, akasema umezaliwa uani kwake kwa mbegu. Kombe likawekwa juu ya televisheni.

Na tawi la kilimani likakauka. Halikukauka taratibu kama mti unaougua. Lilikunja majani kwa siku tatu, siku ya saba likabaki kijiti, huku makaburi yote ya kulia na kushoto yamechanua rangi zake kama kawaida. Watu wakaona. Kiangazi kile kilikuwa kikali, mfereji umekauka nusu, kila mtu anamnung'unikia mgawa maji mpya, na mdomo ukishazoea kunung'unika hauchagui aliye hai na aliyekufa.

"Alikuwa akigawa maji," alisema Pak Tumijo kwenye kibanda cha chai, akichovya tempe, kile kipande cha soya ya kukaanga, kwenye pilipili. "Leo yeye mwenyewe kanyimwa tone."

"Wewe naye," alisema mwenye kibanda. "Marehemu huyo."

"Mimi nimesema nini? Kaburi ndilo linalosema. Muulize Pak Giman, yeye ndiye profesa wa majani. Eti Pak Giman, puring inakufa hivi hivi?"

Wagiman alikuwa ameketi pembeni na glasi yake. Watu wanane walimgeukia.

"Sijaiona," alisema.

"Ukiiona utatuambia."

Akalipa chai ambayo hakuimaliza. Njiani alijiambia kwamba maneno ya kibandani huisha na moshi wa sigara. Hayakuisha. Kufikia katikati ya Shaabani, hata watoto walijua kwamba Mbah Karyono, yaani Babu Karyono, alikuwa akifungulia shamba lake maji usiku, ndiyo maana jani limemkataa. Mtu mmoja alikumbuka mpunga wake ulioungua mwaka fulani. Mwingine naye akakumbuka wake. Kila mtu alikumbuka kitu, na hakuna aliyekuwa amekikumbuka wakati mzee yuko hai.

Kila jioni Bu Lasiyem alionekana akipanda kilima na ndoo, mgongo umepinda, akimwagilia kijiti. Barabara ya kilimani hupita mbele ya uwanja wa Wagiman. Jioni ya kwanza alimsalimia. Ya pili alijifanya anahesabu vyungu. Kuanzia ya tatu, ikifika saa kumi na moja, alikuwa akiingia ndani na kufunga dirisha la upande ule, na mkewe alimtazama.

Kwetu mwezi wa Shaabani ni mwezi wa kutakana radhi, na mwisho wake ndiyo siku ya nyadran, kijiji kizima tunapopanda kusafisha makaburi, tukasoma dua na kula pamoja hapo hapo. Wiki moja kabla ya siku hiyo, asubuhi, Bu Lasiyem alifika kwa Wagiman. Amevaa kitambaa chake cha sherehe, mkononi ana kikapu cha apem, vile vitumbua vya mchele tunavyowapikia marehemu.

Alikaa kwenye ukingo wa kiti. Nyuma yake, kwenye rafu ya juu, Malkia wa Kilima alikuwa amesimama na utepe wake.

"Pak Giman, sitakuchelewesha," alisema. "Napita kwa wote wenye shamba kwenye mfereji. Nyumba ishirini na tatu. Nawaombea radhi kwa niaba ya mzee. Kama alikupunguzia maji, kama alikuruka zamu, kwa kujua au kwa kutojua, nakuomba umsamehe. Pengine huko aliko atapumua."

Wagiman alisikia masikio yake yakiwaka. Hapa palikuwa na nafasi, wazi kama mlango. Neno moja tu lingetosha. Alifungua mdomo, na lililotoka likawa lile ambalo mtu hulitoa mjane anapoomba radhi, kwa sauti ya upole kabisa.

"Nimemsamehe, Bu."

Yule mama akafuta macho. Akamshukuru. Akaacha vitumbua vinne juu ya jani la mgomba, akaenda nyumba ya pili.

Bu Warsini alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Umemsamehe nini?"

Wagiman akainama kuokota jani lililoanguka.

"Nakuuliza. Mwaka ule wa ukame si ndiye aliyelala langoni siku nne ili shamba letu la mwisho lipate maji? Si mimi niliyempelekea wali? Umemsamehe nini wewe?"

"Nilisema tu. Ningesema nini?"

"Ijumaa ile ulirudi na udongo mwekundu kwenye pindo la saruni," alisema mkewe. "Mimi ndiye ninayefua, Pak. Nilikaa kimya nikasema, ni mtu mzima, ataona haya mwenyewe. Kumbe nilikuwa nasubiri basi lililokwishapita." Akachukua vile vitumbua vinne akavirudisha jikoni. "Hivi huli."

Hakulala vizuri wiki ile, na mchana alikuwa akimwagilia chungu kile kile mara mbili. Alipojaribu kufikiria kusema, aliona nyuso nane za kibandani. Mwishowe akapata njia, na kama mnavyomfahamu sasa, ilikuwa njia ya kupita kando. Angechukua ile puring yake ya miaka minne, yenye mizizi, akaipande alfajiri ya siku ya nyadran kabla watu hawajapanda. Watu wangefika wakute kaburi limefufuka. Wangesema dua za mjane zimejibiwa, jina la mzee lingesafishwa, na yeye angekula wali pamoja na wenzake. Alijiona hata kama mtu anayetoa sadaka.

Akapanda kilima mara baada ya sala ya alfajiri, chungu kifuani, koleo mkononi. Alipofika kwenye geti akamkuta Bu Lasiyem amechuchumaa kando ya kaburi, anang'oa nyasi. Mjane alikuwa amewahi ili asisafishe mbele ya macho ya watu.

Walitazamana. Mama akatazama chungu, kisha koleo.

"Umemletea mzee?" akauliza, na uso wake wote ukafunguka kwa furaha. "Basi ni wewe. Nilikuwa nikisema kuna mtu. Mti uliingiwa na weusi nikadhani unaugua, mwezi wa tano nikaona kifurushi cha plastiki kwenye shina, nikasema kuna mtu anautibu mti wa mzee kwa siri, hataki shukrani. Nilimwombea huyo mtu kila Alhamisi, Pak Giman. Sikumjua jina."

Wagiman akakaa chini kwenye udongo mwekundu na chungu chake. Sasa hata angetaka kudanganya, uongo wenyewe ulikuwa umemkimbia. Akasema yote. Kisu, msumeno, tawi lisilo na mzizi, kombe, mbegu ya uongo, hata ile puring aliyoionea uchungu. Alisema akitazama vidole vya miguu yake.

Bu Lasiyem akang'oa nyasi tatu nne zaidi. Kisha akakivuta kile kijiti. Kilitoka bila nguvu yoyote, naye akaitazama ncha yake iliyokatwa kwa kisu, laini, bila hata uzi wa mzizi.

"Nikakimwagilia hiki," alisema.

"Nitasema leo mbele ya watu wote, Bu. Kwenye kipaza sauti, kabla ya dua. Na ule mti mweusi nitaurudisha hapa."

"Ule sitaki. Watu watakuja kupiga picha kichwani pa mume wangu. Kaa nao uutazame. Hapa panda hiyo ya njano." Alijifuta mikono. "Na kwenye kipaza sauti usiseme. Utasema mara moja, watu watashangaa, halafu wataletewa kuku na itakwisha. Mimi nilipita mlango kwa mlango. Nyumba ishirini na tatu, nikakalishwa, nikamwambia kila mtu kwa mdomo wangu kwamba huenda mume wangu alikuwa mwizi. Na wewe upite."

Akapita. Ilimchukua siku tatu, na hakuna aliyemrahisishia. Nyumba ya kwanza walidhani ameleta puring za kuuza, wakamtolea kiti. Nyumba ya nne walicheka mpaka mwenye nyumba akapaliwa na chai, kisha wakaacha kucheka wote kwa pamoja, maana walikumbuka waliyokuwa wakiyasema wenyewe. Kwa Pak Tumijo alisimama mlangoni dakika nzima.

"Basi hata mbele yetu pale kibandani ulikaa ukasema hujaiona," alisema Tumijo.

"Nilisema."

"Na mimi nikaendelea kutia chumvi." Tumijo alikuna kisogo, akatazama pembeni. "Umenichafua na mimi, Pak Giman. Ungeniacha tu na ulimi wangu, ulikuwa unatosha." Kisha akasema amemsamehe, kwa haraka, ili aondoke.

Wote walisema hivyo. Wamemsamehe. Neno lenyewe lilikuwa jepesi vinywani mwao, na kila alipolisikia alijisikia mwenyewe akilisema kwa yule mjane, kwa sauti ile ile ya upole. Nyumba ya ishirini na tatu ilikuwa yake mwenyewe, na humo alimwambia mkewe, aliyekuwa anajua. Bu Warsini alimsikiliza amesimama, hadi mwisho, kama asiyejua kitu. Ikabaki nyumba moja.

Bu Lasiyem alimkaribisha ndani. Alimpa chai yenye sukari nyingi, akakaa mbele yake, mikono mapajani.

"Wamesema nini?"

"Wamesamehe, Bu. Na wote wamesema Pak Karyono hakuwahi kumdhulumu mtu. Wamesema kwa midomo yao."

"Alhamdulillahi."

"Sasa nakuomba na wewe." "Nimelitia doa jina la mume wako, nikakuacha ukamwagilia kijiti. Nakuomba radhi."

"Mimi kukusamehe si kazi," alisema yule mama. "Wewe umechukua mti. Lakini kuna jambo sijamwambia mtu." Alitazama mlangoni, akashusha sauti. "Zile jioni nilikuwa nikimkaripia. Nikimaliza kumwaga maji nakaa pale namwambia, mzee, umenitia aibu, maji ya watu uliyapeleka wapi? Tubu huko uliko. Kila jioni. Miaka arobaini na moja nimekula naye sahani moja, nikamwosha alipokuwa hajiwezi, halafu nikaamini kijiti. Watu walisema mwezi mmoja tu, Pak Giman. Mimi mkewe ndiye niliyeamini."

Wagiman aliishika glasi kwa mikono miwili.

"Wewe una watu wa kuwaendea," alisema Bu Lasiyem. "Mimi niende mlango wa nani?"

Wagiman alikunywa chai mpaka kwenye majani ya chini, kwa sababu hakuwa na ujasiri wa kuinuka, na yule mama akammiminia nyingine.